Kesi ya Ramesses wa Tatu katika Kipindi cha Ufahamu

Miaka kadhaa iliyopita niliandika ubaoni sentensi niliyokuwa nimeitunga usiku uliotangulia: "Wapilezi waligomoza vishelu vyao vyote kando ya Zenge kabla ya mbilu kudopa." Nikawauliza wanafunzi wangu wa kidato cha pili maswali matatu. Ni nani waliogomoza? Waligomoza nini? Waligomoza lini? Darasa zima lilijibu, tena kwa sentensi kamili kama tunavyowafundisha: waliogomoza ni Wapilezi, waligomoza vishelu vyao, waligomoza kabla ya mbilu kudopa. Kwa mwongozo wa kusahihisha aliouzoea kila mwalimu, kila mmoja wao alistahili alama zote tatu. Ndipo nikawauliza mbilu ni kitu gani, na ikidopa huwaje. Walitazamana, wakacheka, halafu kicheko kikakatika, kwa sababu walitambua kwamba walikuwa wamefaulu katika habari ambayo hawakuelewa hata neno moja la maana ndani yake.

Kiswahili ni lugha yenye upatanisho wa kisarufi ulio wazi mno, na uwazi huo humsaidia mwanafunzi kunakili jibu bila kupitia kwenye maana. Akiona "vi-" katika nomino na "vy-" katika kivumishi, anajua nini kinakwenda na nini, hata kama hajui ni vitu gani. Nilikuwa nimefundisha ufahamu kwa muda mrefu katika shule ya pwani ya Kenya, nimesahihisha madaftari yasiyo na idadi, na siku hiyo nilikubali kwamba sehemu kubwa ya kile nilichokuwa nikikipima ilikuwa ni uwezo wa kuokota. Mwanafunzi aliokota kipande cha sentensi kutoka kwenye kifungu na kukiweka kwenye daftari, nami nikampa alama.

Nilianza kutafuta habari ambayo haiokotwi. Nilitaka maandishi ya mtu mwenye jambo la kuficha, ili mwanafunzi alazimike kumkabili mwandishi, amsome anaposema na amsome anaponyamaza. Misri ya kale ilinijia kwa urahisi kwa sababu watoto wetu tayari wana mlango wa kuingilia huko: waliosoma Biblia wanamjua Farao, waliosoma Kurani wanamjua Firauni, na wote wanajua kwamba mtu akiitwa "firauni" mtaani ametukanwa tusi zito.

Jaribio langu la kwanza halikufaulu, na ninalieleza kwa sababu nimeona walimu wengine wakitumbukia katika shimo hilohilo. Nilichagua kifo cha Tutankhamun, mfalme kijana ambaye kaburi lake lilifunguliwa na Howard Carter mwaka 1922. Mwaka 1968 wataalamu walipopiga picha za eksirei za maiti yake waliona vipande vya mfupa ndani ya fuvu, na kwa miaka mingi watu wakasema aligongwa kichwani. Kipimo cha CT cha mwaka 2005, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, hakikuunga mkono dhana hiyo. Darasa lilichangamka kupita kiasi. Kila kikundi kilikuwa na muuaji wake, sauti zilipanda, na mwalimu wa darasa jirani akaja kuchungulia. Lakini nilipokusanya kazi zao niliona kwamba hakuna aliyerejea kwenye maandishi hata mara moja, kwani hakukuwa na maandishi ya kurejelewa. Hakuna shahidi anayezungumza katika habari ya Tutankhamun, wala barua ya mshitakiwa, wala hukumu. Nilikuwa nimewafundisha kubahatisha kwa furaha. Fumbo la somo la ufahamu lazima liwe fumbo ambalo funguo zake zimo ndani ya maneno yenyewe, la sivyo mwalimu amepoteza kipindi.

Kesi niliyoihitaji ilikuwa imehifadhiwa Turin, nchini Italia, katika jumba la makumbusho la Museo Egizio. Ni karatasi ya mafunjo iliyoandikwa kwa hati ya hieratiki, mwandiko wa haraka wa Wamisri wa kale, nayo inaeleza jinsi watu waliokula njama dhidi ya Ramesses wa Tatu walivyoshitakiwa na kuhukumiwa. Mfalme huyo alitawala miaka 31, na utawala wake ulikoma karibu mwaka 1155 kabla ya Kristo. Mmoja wa wake zake, Tiye, alitaka mwanawe Pentawere arithi kiti cha enzi. Akashirikiana na wanawake wa nyumba ya wake wa mfalme, na watumishi wa ikulu, na maofisa wa jeshi. Karatasi inataja washitakiwa, inataja makosa, inataja adhabu. Jambo moja tu haisemi, na ndilo kubwa kuliko yote: haisemi kama mfalme aliuawa.

Nilitafsiri vipande vyake mwenyewe kutoka tafsiri za Kiingereza, nikivigawa katika bahasha sita. Wanafunzi ni 48, kwa hiyo kuna vikundi vinane vya watu sita. Kila kikundi hupewa bahasha moja kwa wakati, na hakipewi nyingine mpaka kiandike ni nini kinachojulikana na ni swali gani limezuka. Mimi ninakuwa karani wa mahakama. Kikundi kinaweza kuniita na kuniuliza maswali matatu tu kwa kila bahasha, nami siruhusiwi kujibu kwa maneno yangu. Ninaweza tu kuwasomea tena mstari wa karatasi ambao wameutaja. Kanuni hiyo ndogo ndiyo inayolibeba somo zima. Mwanafunzi akiniuliza kuhusu mmoja wa washitakiwa, "Mwalimu, huyu Pabakkamen alikuwa mbaya?" ninamwambia anitajie mstari. Akirudi kwenye karatasi kuutafuta mstari, anasoma tena, na mara nyingi hupata jibu lake kabla hajamaliza kuutafuta. Mapato yangu hayaruhusu makubwa: bahasha za kaki, nakala chache na gundi. Umeme hauhitajiki.

Bahasha ya kwanza haina njama yoyote. Ina maelezo ya nchi, mto, miungu na nyumba ya wake wa mfalme, na niliiongeza baada ya kuona kwamba bila hayo wanafunzi wanakwama. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi 64 habari kuhusu mchezo wa besiboli, wakaona kwamba wasomaji dhaifu waliokuwa wakiujua mchezo huo waliielewa habari vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Mwalimu yeyote aliyewahi kumpa mtoto wa mvuvi kifungu kuhusu uvuvi anajua jambo hilo bila kuambiwa. Kwa hiyo kabla ya kesi ninawaeleza kwamba nyumba ya wake wa mfalme ilikuwa taasisi yenye mashamba, ghala na makarani wake, kwa sababu bila maelezo hayo vijana wa umri wao huwaza mambo mengine kabisa. Ninawaambia kwamba Ra ni mungu wa jua, kwamba Amun ni mungu mkuu wa mji wa Thebes, na kwamba Osiris ni mtawala wa wafu. Ninawaambia pia kwamba katika mwaka wa 29 wa utawala huo mafundi wa makaburi ya wafalme waliweka zana chini kwa sababu hawakuwa wamelipwa nafaka yao. Malalamiko yao yameandikwa: siku 18 za mwezi zimepita na tuna njaa, tumekuja kwa sababu ya njaa na kiu, hatuna nguo, hatuna mafuta, hatuna samaki, hatuna mboga. Hapa darasa huwa kimya kidogo. Wengi wao wanajua mshahara unaochelewa ni nini.

Bahasha ya tatu, yenye orodha ya washitakiwa, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ninawapa majina pamoja na maana zake. Pabakkamen, msimamizi wa chumba cha mfalme, jina lake lina maana ya "mtumishi kipofu". Mesedsure maana yake ni "Ra anamchukia". Binemwese, jemadari wa wapiga mishale wa Nubia, ni "mwovu katika Thebes". Pentawere mwenyewe anaelezwa kuwa ndiye "aliyeitwa kwa lile jina jingine". Ninawaachia karatasi na kwenda kusimama dirishani.

Mwaka wa kwanza nilioitumia bahasha hiyo, mvulana mmoja wa kikundi cha mbele alinyosha mkono akasema kwamba haya ni majazi. Alikuwa sahihi kabisa kwa kiwango chake. Katika fasihi tunawafundisha kwamba mwandishi humpa mhusika jina linalolingana na tabia yake. Lakini mwenzake akampinga papo hapo: katika hadithi mwandishi ndiye aliyemzaa mhusika, ilhali hawa walikuwa watu, walizaliwa na wazazi, na hakuna mzazi anayemwita mtoto wake "Ra anamchukia". Wakabishana dakika mbili tatu, nami sikuingilia. Hatimaye kikundi kiliandika: "Majina haya yamebadilishwa na mtu aliyetaka waangamie hata baada ya kufa." Wataalamu wa Misri wanasema vivyo hivyo. Inaelekea Mesedsure alikuwa Meryre, "Ra anampenda", na Binemwese alikuwa Khaemwese. Kwa Wamisri jina lilikuwa sehemu ya mtu, na kulipotosha kulikuwa kuendelea kumwadhibu huko alikokwenda.

Msichana mmoja akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelitayarisha. Alisema kwamba sisi nasi tumemfanyia mfalme hivyohivyo, kwa kuwa "firauni" lilikuwa cheo cha heshima na leo ni tusi. Nililiandika ubaoni. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu bora la ufahamu nililowahi kupewa, ingawa hakuna swali lililokuwa limeulizwa.

Bahasha ya nne ina kesi zenyewe. Pabakkamen anashitakiwa kwa kutoa maneno ya wanawake nje na kuyafikisha kwa mama zao na ndugu zao, akisema wakusanye watu na kuchochea uadui. Dada wa jemadari Binemwese alimo katika nyumba ya wake, naye anamwandikia kaka yake awachochee watu na kuja kumdhuru bwana wake. Ninawataka wanafunzi wachore njia ya ujumbe: umetoka kwa nani, umepitia kwa nani, umefika wapi. Wanaochora vizuri hugundua kwamba njama haingewezekana bila watu wadogo wa mlangoni, na kweli orodha inataja wake sita wa walinzi wa lango. Wasiochora vizuri hugundua kwamba hawakusoma.

Ndani ya bahasha hiyohiyo kuna mtego ambao huwaamsha hata waliochoka. Mwanzoni mwa karatasi kuna orodha ya watu 12 waliopewa kazi ya kuhukumu. Mbele zaidi kuna orodha nyingine, fupi, ya watu waliokatwa pua na masikio kwa sababu wanawake wa kesi hiyo waliwafuata walikokuwa, nao wakanywa pombe pamoja. Sitaji kwamba kuna uhusiano kati ya orodha hizo mbili. Ninasubiri. Kwa kawaida ni kikundi kimoja au viwili tu ambavyo mtu hushtuka, hurudisha karatasi nyuma, huweka kidole kwenye jina la Paibese katika orodha ya kwanza na kidole kingine kwenye jina la Paibese katika orodha ya pili, kisha hufanya vivyo hivyo kwa Mai. Mahakimu wenyewe walikuwa wamenaswa. Hori, ambaye pia alikuwa katika jopo, aliachwa kwa kukemewa. Ile hali ya vidole viwili juu ya karatasi ndiyo ninayoitafuta tangu niwe mwalimu, na nikiiona ninajua kwamba kijana huyo hatasoma tena kama alivyosoma jana.

Bahasha ya tano inahusu uchawi wa sanamu za nta, uliotajwa katika karatasi nyingine za kesi hiyohiyo. Vijana huipenda mno, lakini kwa ufahamu haina mengi, nami siku hizi ninaipitisha haraka.

Nimeiruka bahasha ya pili kwa makusudi, kwa sababu ndani ya darasa pia huwa inarukwa. Ina maneno ya mfalme anayewaagiza mahakimu. Wanaisoma, wanaona ni amri ya kawaida, wanaiweka kando. Mfalme anasema kwamba yote waliyoyatenda watu hao na yawaangukie vichwani mwao, na kwamba yeye amelindwa milele, akiwa miongoni mwa wafalme wenye haki walio mbele ya Amun-Ra, mfalme wa miungu, na mbele ya Osiris, mtawala wa milele.

Mwaka jana, tukiwa tumefika bahasha ya tano na kengele ikikaribia, mwanafunzi mmoja ambaye kwa kawaida hazungumzi aliniita kama karani na kuniomba nimsomee tena mstari huo. Nikausoma. Akaniomba nisome pia kutoka bahasha ya kwanza mstari unaomhusu Osiris. Nikausoma: Osiris ni mtawala wa wafu. Akakaa kimya, wenzake wakamtazama, kisha akasema polepole, "Mwalimu, huyu anayezungumza ameshakufa."

Sikuruhusiwa kujibu, kwa kanuni yangu mwenyewe, na nilishukuru kwa hilo kwa sababu sauti ingenikwama. Alikuwa ameunganisha sentensi mbili zilizotenganishwa na siku tatu na karatasi tano, kutoka bahasha mbili ambazo hakuna swali lililoziunganisha, na akafika mahali ambapo wasomaji wa hieratiki walikuwa wamefika kabla yake kwa njia hiyohiyo ya kusoma.

Ndipo ninapofungua bahasha ya sita. Maiti ya Ramesses wa Tatu ilipatikana mwaka 1881 katika maficho ya maiti za wafalme huko Deir el-Bahari, na mtaalamu wa Misri ya kale Gaston Maspero akaifungua mwaka 1886. Hakuna jeraha lililoonekana, kwani shingo ilikuwa imezungushiwa kitambaa kinene cha kitani ambacho hakikuondolewa. Mwezi wa Desemba 2012 timu ya watafiti iliyokuwa na Zahi Hawass na Albert Zink ilichapisha matokeo ya kipimo cha CT katika jarida la kitabibu la BMJ: chini ya kitambaa kile koo lilikuwa limekatwa, jeraha likizama karibu na mfupa, na ndani yake watayarishaji wa maiti walikuwa wameweka hirizi ya jicho la mungu Horus ili limponye huko ahera. Kwa zaidi ya miaka 120 watu waliitazama maiti ile na wasilione jeraha, ilhali karatasi ilikuwa ikilidokeza wakati wote.

Bahasha hiyo ina habari moja zaidi ambayo ninaitumia kufundisha tahadhari. Katika maficho yaleyale ilipatikana maiti ya kijana wa umri wa takriban miaka 18 hadi 20, isiyotajwa jina, iliyofunikwa ngozi ya mbuzi, kitu ambacho kwa mila za mazishi ya kifalme kilikuwa unajisi. Vipimo vya DNA vilionyesha uhusiano wa damu na Ramesses. Karatasi inasema Pentawere aliachwa ajiue mwenyewe. Je, ni yeye? Hapo ninawataka waandike sentensi tatu, moja yenye "imeandikwa kwamba", moja yenye "inaelekea" na moja yenye "huenda", na ninasahihisha maneno hayo kwa ukali kuliko kitu kingine chochote. Anayeandika "Maiti ile ni Pentawere" anapoteza alama hata kama ukweli utakuja kumthibitisha. Wengine huniona mkatili katika hili. Sijalegeza, na sina nia ya kulegeza, kwa sababu lugha yetu imetupa "yamkini", "huenda", "inaelekea" na "bila shaka" kama mizani yenye mawe ya uzito mbalimbali, na kijana anayeweka jiwe moja juu ya kila kitu hajajifunza kupima.

Wapo walimu wenzangu wanaoniambia kwamba mtihani wa kitaifa una alama 15 za ufahamu, na kwamba bahasha zangu hula vipindi sita vya dakika 40 ambavyo vingetosha mazoezi kumi na mawili. Hesabu yao ni sahihi. Ninachoweza kuwaambia ni kile ninachokiona madaftarini: baada ya kesi hii, wanafunzi wanapopewa kifungu cha kawaida huanza kupiga mstari chini ya vitenzi vya kauli ya kutendwa. "Iliamuliwa." "Walihamishwa." "Fedha zilitumika." Sikuwafundisha kufanya hivyo. Wameshazoea kuuliza nani.

Bahasha ya saba nimeiongeza muhula uliopita, nayo huwa tupu. Kila kikundi kinaandika swali moja ambalo karatasi ya Turin haijibu na kulitia humo. Nilizifungua nyumbani jioni, mezani, baada ya chakula. Kikundi kimoja kiliuliza ni nani aliyemlipa karani aliyepotosha majina, na kama naye alikuwa na hofu. Kingine kiliuliza kwa nini Ramesses wa Nne, aliyerithi kiti, hazungumzi popote katika karatasi ile. Vikundi vitatu, bila kusikilizana, vilikuwa vimeona kwamba wale wake sita wa walinzi wa lango wamehesabiwa tu, hawakupewa hata jina la kupotoshwa, na wakauliza waliitwa nani. Katika bahasha ya mwisho kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye mwandiko ule wa polepole niliokuwa nimeanza kuufahamu. Iliandikwa: "Tiye ndiye aliyeanzisha yote, lakini nimetafuta katika kila bahasha na sikuona alivyohukumiwa. Alipelekwa wapi?"

Ilipofika asubuhi nilizibandika zote nane ukutani, karibu na ubao, na hadi leo ziko pale.